Ndege wa Uani Kwetu

Kila siku unaona ndege. Unawaona juu ya paa, katika mwembe, na karibu na jiko mahali mama anapopepeta mtama. Lakini kuona na kutazama ni mambo mawili. Mtu aonaye tu husema, "Yule ni ndege." Mtu atazamaye huuliza, "Yule ni ndege gani? Anafanya nini? Kwa nini anafanya hivyo?" Mwanasayansi ni mtu atazamaye.

Katika sura hii tutatazama ndege wa uani huko Lisekese, karibu na mji wa Masasi, katika Mkoa wa Mtwara. Ikiwa wewe unaishi Bukoba, Mbeya au Mwanza, usidhani kwamba sura hii si yako. Ndege wengine watakuwa tofauti, lakini namna ya kutazama ni ile ile.

1. Wakati wa kutazama

Masasi hupata mvua kuanzia miezi ya Novemba na Desemba mpaka Aprili. Mvua zikiisha, huja kipupwe. Katika miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi huvuma kutoka kusini, na asubuhi watoto huota moto. Majani ya porini hukauka. Lakini mikorosho huanza kuchipua majani mapya na kutoa maua madogo yenye harufu nzuri. Maua huvuta wadudu, na wadudu huvuta ndege.

Wakati wa joto kali ndege wengi hujificha kivulini saa za mchana. Wakati wa kipupwe jua la alasiri si kali, kwa hiyo ndege huendelea kutafuta chakula mpaka jioni. Tena majani ya miti yamepungua, nawe unaweza kuona matawi vizuri. Basi saa kumi alasiri, ukisharudi shuleni na kumaliza kazi za nyumbani, ni wakati mzuri wa kutazama.

2. Jinsi ya kutazama

Huhitaji chombo chochote cha kununua. Chukua daftari na penseli. Kisha fuata maagizo haya:

(a) Chagua mahali pamoja, kwa mfano chini ya mkorosho au karibu na ukuta wa nyumba. Kaa kimya. Ndege huogopa mwendo kuliko wanavyoogopa mtu aliyetulia.

(b) Tazama kwa muda wa nusu saa. Kila siku anza saa ile ile, ukae mahali pale pale. Ukitazama nusu saa leo na saa mbili kesho, huwezi kulinganisha siku hizo mbili.

(c) Andika jina la kila aina ya ndege. Ikiwa hujui jina lake kwa Kiswahili, andika jina linalotumiwa nyumbani kwenu, liwe la Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Ikiwa hulijui hilo pia, mchore. Onyesha mdomo wake, mkia wake na rangi zake.

(d) Hesabu ndege. Hapa pana hatari ya kukosea. Shomoro mmoja akiruka kwenda nyuma ya nyumba na kurudi mara tano, usiandike shomoro watano. Andika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mara moja.

(e) Andika ulichokiona, si ulichoambiwa. Ikiwa hukumwona kunguru akila yai, usiandike kwamba alikula yai.

Tuseme mwanafunzi mmoja wa Lisekese alitazama ua wa kwao kwa nusu saa, akaandika hivi: shomoro 9, tetere 4, kunguru 3, shore 2, chozi 1. Hayo ni maneno machache, lakini ni mwanzo wa sayansi. Akifanya hivyo kila juma kwa mwaka mzima, atajua mambo ambayo hayamo katika kitabu hiki.

3. Mdomo wa ndege na chakula chake

Sasa tuwatazame ndege hao mmoja mmoja.

Shomoro ni ndege mdogo wa rangi ya kahawia. Mdomo wake ni mfupi na mnene. Mdomo wa namna hiyo hufaa kuvunja mbegu ngumu. Mtazame anavyokwenda chini: haendi hatua kwa hatua, bali huruka kwa miguu yote miwili pamoja.

Tetere ni njiwa mdogo. Yeye hutembea kwa hatua, huku kichwa chake kikienda mbele na nyuma. Naye hula mbegu. Mtazame anapokunywa maji, kisha mtazame kuku. Kuku huchota maji kwa mdomo, halafu huinua kichwa ili maji yateremke kooni. Tetere hutia mdomo majini na kuyafyonza bila kuinua kichwa. Njiwa wote hunywa hivyo. Je, uliwahi kuliona jambo hili, ingawa kuku na njiwa wako kwenu siku zote?

Shore ana kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, na manyoya ya njano chini ya mkia. Hula matunda na wadudu. Akila papai au tunda la porini, humeza mbegu pia. Mbegu hizo hutoka katika kinyesi chake mahali pengine, nazo huota. Kwa hiyo shore ni mpanda miti.

Chozi ni mdogo kuliko wote. Mdomo wake ni mrefu, mwembamba, umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Huuingiza ndani ya maua na kunyonya maji matamu. Dume wa chozi hung'aa juani. Jike wake hana rangi za kung'aa. Kiota chao huning'inia kama kifuko, nao hukifunga kwa utando wa buibui.

Kunguru ana manyoya meusi na kifua cheupe. Mdomo wake ni mkubwa na wenye nguvu. Hula karibu kila kitu: mizoga, panya, wadudu, mahindi, mayai na takataka.

Unaona kwamba mdomo ni kama chombo cha kazi. Fundi seremala hatumii msumeno kupigilia misumari. Vivyo hivyo, chozi hawezi kuvunja mbegu ya mtama, na shomoro hawezi kufikia maji matamu ndani ya ua refu. Ndiyo maana ndege wengi wanaweza kukaa katika ua mmoja bila kugombania chakula kimoja.

4. Kwa nini ndege hujitutumua wakati wa baridi?

Jua likianza kushuka, utaona jambo jingine. Tetere aliyekuwa mwembamba saa kumi anaonekana kama mpira saa kumi na mbili. Je, amenenepa? Hapana. Amesimamisha manyoya yake.

Mwili wa ndege una joto kuliko mwili wako. Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Joto la kuku ni kati ya nyuzi 40 na 42. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo ndege lazima alizuie joto lisitoke. Anaposimamisha manyoya, hewa hunaswa katikati yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hivyo ndege hujifunika blanketi la hewa.

JARIBIO

Vitu vinavyohitajika: chupa mbili zinazofanana, maji ya moto kiasi, manyoya makavu ya kuku au sufi, na mfuko wa kitambaa.

Kufanya: Jaza manyoya au sufi katika mfuko. Tia maji yenye joto sawa katika chupa zote mbili, uzifunge. Ingiza chupa moja katikati ya mfuko, uache nyingine wazi. Ngoja nusu saa. Kisha gusa chupa zote mbili.

Ni chupa ipi yenye joto zaidi? Kwa nini? Kwa nini tulitumia chupa zinazofanana?

Angalia: Tumia manyoya ya kuku aliyechinjwa kwa kuliwa. Usiguse ndege uliyemkuta amekufa, maana huenda ameuawa na ugonjwa kama kideri. Baada ya kushika manyoya, nawa mikono kwa sabuni.

5. Ndege haanguki anapolala

Wewe ukilala juu ya tawi utaanguka. Mbona tetere haanguki?

Siku mtakapochinja kuku nyumbani, omba upewe mguu mmoja. Mahali ulipokatwa utaona kano nyeupe, ngumu kama uzi. Ivute kano hiyo. Vidole vya kuku vitajikunja kana kwamba bado yu hai. Ndivyo mguu wa ndege ufanyavyo kazi. Ndege anapochuchumaa juu ya tawi, miguu yake hukunjwa, na kukunjwa huko huvuta kano. Kano nazo hukunja vidole, navyo hushika tawi. Kwa njia hiyo ndege huweza kushikilia tawi bila kutumia nguvu nyingi, hata akiwa usingizini.

6. Viota vikavu

Katika mti ulio karibu na nyumba huenda utaona viota vingi vikavu vinavyoning'inia. Ni viota vya kwera. Usiseme kwamba kwera wamekufa. Wakati wa mvua, madume ya kwera huchana majani mabichi kuwa nyuzi, nao husuka viota kwa mdomo na miguu. Jike huja kukagua. Kiota kisipompendeza huondoka, na mara nyingi dume hukifumua na kusuka kingine. Mvua zikiisha hakuna majani mabichi ya kusukia, na wadudu wa kulisha makinda ni wachache. Kwa hiyo kwera huacha kuzaa mpaka mvua nyingine. Madume ya aina nyingi za kwera hupoteza manyoya yao ya njano iliyokoza, wakafanana na majike.

7. Mbayuwayu wamekwenda wapi?

Katika miezi ya Novemba na Desemba mbayuwayu wengi huruka juu ya mashamba ya Masasi na Newala wakikamata wadudu hewani. Wakati wa kipupwe wengi wao hawaonekani. Wako mbayuwayu wa aina nyingine wazaliao hapa hapa Afrika, lakini wale wenye koo jekundu na mkia mrefu uliogawanyika wamekwenda Ulaya.

Watu walijuaje? Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa shule nchini Denmark, aitwaye Mortensen, aliwavisha ndege waitwao kwenzi pete nyepesi miguuni. Kila pete ilikuwa na namba yake. Ndege akikamatwa mahali pengine, namba hiyo ilionyesha alikotoka. Watu wa nchi nyingine wakaiga. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwendo wa karibu kilometa 10,000 kutoka alikovishwa pete. Ndege huyo ana uzito mdogo kuliko wa penseli nne, naye alivuka jangwa na bahari.

Huko Ulaya baridi kali ya mwaka huisha kwenye mwezi wa Machi. Aprili na Mei miti huchipua majani, na wadudu huongezeka. Ndipo mbayuwayu hufika na kujenga viota vya udongo katika mazizi na chini ya mapaa. Mwezi wa Juni, wewe unapojifunika shuka asubuhi Lisekese, mtoto wa Uingereza anamtazama mbayuwayu akilisha makinda uani kwao. Mwezi wa Novemba huenda ndege yule yule akapita juu ya kichwa chako.

8. Ndege ni rafiki au adui?

Wakulima husema kwamba ndege hula mtama na mpunga. Hiyo ni kweli. Kwelea kwelea huja makundi makubwa sana, na shamba lisilolindwa laweza kumalizwa. Mwewe hunyakua vifaranga. Ndiyo sababu vifaranga wadogo hufunikwa kwa tenga. Kunguru wengine wenye shingo ya kijivu, waliotoka India, waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka. Waliongezeka mno, wakaenea Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wengine.

Lakini sikia pia habari ya China. Mwaka 1958 serikali ya nchi hiyo iliwataka wananchi wawaue shomoro kwa sababu walikula nafaka. Watu walipiga ngoma na masufuria ili shomoro wasitue, mpaka shomoro wakaanguka kwa uchovu. Shomoro wengi mno walikufa. Ndipo wataalamu walipopasua matumbo ya shomoro, wakakuta wadudu wengi ndani yake. Kwa kuwa waliowala wadudu walikuwa wameuawa, nzige na wadudu wengine waharibifu waliongezeka mashambani. Mwaka 1960 amri ya kuwaua shomoro iliondolewa.

Kwa nini shomoro, ambaye hula mbegu, alikuwa na wadudu tumboni? Kwa sababu makinda ya shomoro hukua upesi na huhitaji chakula cha kujenga mwili. Wazazi wao huwalisha viwavi na wadudu wengine. Chozi naye hunywa maji ya maua, lakini hulisha makinda wake wadudu.

Sasa fikiri juu ya manati. Tuseme dume na jike wana makinda watatu. Kila mmoja wa wazazi huleta mdudu mmoja kila baada ya dakika 10, kwa muda wa saa 10 kila siku. Kwa saa moja wote wawili huleta wadudu 12. Kwa siku huleta wadudu 120. Mvulana akimpiga jike kwa manati, atapata nyama isiyojaza kiganja. Makinda watatu watapata nusu ya chakula, na huenda wote wakafa. Na kila siku wadudu 60 ambao wangeliwa wataachwa katika bustani ya mchicha na juu ya mikorosho. Nani amepata hasara? Si ndege peke yake.

Kwa hiyo, kabla hujasema kwamba ndege fulani ni adui, mtazame. Anakula nini? Wakati gani? Analisha makinda wake nini? Ukishajibu maswali hayo, sema.

9. Sahani ya maji

Nyanda za juu za Makonde, ambako Newala iko, zina udongo unaonyonya maji ya mvua upesi. Kwa sababu hiyo mito na chemchemi juu ya nyanda hizo ni haba, na kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Hata Masasi vijito vingi hukauka wakati wa kiangazi. Watu hupata shida ya maji, na ndege pia.

Usimwage bure maji uliyooshea mboga, ikiwa hayana sabuni. Yatie katika sahani pana au kigae cha chungu. Weka sahani mahali palipo wazi, hatua chache kutoka kichakani, ili paka asiweze kujificha karibu. Tia jiwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kusimama. Badili maji kila siku na kusugua sahani, maana maji yaliyokaa huleta magonjwa na mbu huzaliana humo.

Hesabu ndege wa uani kwa juma moja kabla ya kuweka sahani, na juma moja baadaye. Je, idadi imebadilika?

10. Ndege wa jioni

Jua likizama, shomoro hupiga kelele na kuingia chini ya paa. Kisha ua hunyamaza. Huenda sasa ukamsikia bundi. Watu wengi humwogopa bundi, wakisema kwamba sauti yake huleta kifo, nao humfukuza kwa mawe. Tufanye kama tulivyofanya kwa ndege wengine: tutazame.

Bundi ana macho makubwa ya kuonea gizani. Kingo za manyoya ya mabawa yake ni laini, kwa hiyo huruka bila kishindo. Hula panya. Humeza panya mzima, halafu hutapika donge dogo la mifupa na nywele. Chini ya mti anaolala bundi utayaona madonge hayo. Yafumue kwa vijiti viwili, wala usitumie mikono mitupu. Utakuta fuvu la panya na meno yake. Panya huyo angeingia katika ghala lenu na kula mtama na karanga. Basi bundi hukaa karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mdomo wa ndege huonyesha chakula chake.
2. Manyoya hunasa hewa, nayo huzuia joto lisitoke mwilini.
3. Ndege wengine huhama kufuata chakula.
4. Ndege wengi walao mbegu hulisha makinda yao wadudu.
5. Mtazamaji mzuri huandika alichokiona, mahali, siku na saa.

MASWALI NA KAZI

1. Tumia hesabu ya mwanafunzi wa Lisekese. Aliona ndege wangapi kwa jumla? Ni aina gani iliyokuwa na ndege wengi zaidi?
2. Eleza tofauti kati ya kuku na tetere wanapokunywa maji.
3. Kwa nini ni lazima kutazama kwa saa ile ile na muda ule ule kila siku?
4. Chora midomo ya shomoro, chozi na kunguru. Chini ya kila mchoro andika chakula cha ndege huyo.
5. Ikiwa dume na jike wa sehemu ya 8 huwalisha makinda wao kwa siku 14, wataleta wadudu wangapi? Ikiwa mzazi mmoja ameuawa siku ya kwanza kabla hajaleta chochote, yule aliyebaki ataleta wangapi?
6. Mwulize babu au bibi yako majina ya ndege watano kwa lugha ya nyumbani, na ndege gani waliokuwa wengi zamani ambao sasa hawaonekani. Yaandike, uyalete darasani.
7. Darasa lote litazame ndege wa shuleni kwa nusu saa kila Ijumaa, kuanzia sasa mpaka mvua zitakaponyesha. Bandikeni hesabu zenu ukutani. Ni ndege gani aliyefika? Ni ndege gani aliyeondoka?